Kitabu cha Akina Mama: Wasifu wa Marehemu Mzee Abner Nyasani (1919–1977)

Marehemu Mzee Abner Nyasani aliagiza wasifu huu usomwe wote, bila kurukwa mstari, hata pale wenye kusikiliza watakapoona haya kwa niaba yake. Alimwambia mkewe maneno hayo mara tatu, na mara ya tatu akamshika mkono hadi alipoitikia. Kwa hiyo usomwe.

Alizaliwa Sironga mwaka 1919, watu wakiwa mashambani wanapanda wimbi. Siku na mwezi havikuandikwa na mtu. Baba yake alikuwa Ondieki. Mama yake, Nyaboke, alitoka kwa watu wa karibu na Nyanchwa, na alifariki Abner akiwa na miezi mitatu. Bibi yake mzaa mama alikuja Sironga kwa miguu, akamfunga mtoto mgongoni, akarudi naye, akamlea kwa maziwa ya ng'ombe mmoja mweusi mpaka alipoota meno. Alipopata akili alianza kuuliza mama yake alifananaje. Mmoja alimwambia alikuwa mrefu. Mwingine alisema alikuwa wa wastani, mwenye sauti nzuri. Wa tatu alisema, "Mtoto, wake wa boma lile walikuwa wengi. Nani alikaa akamtazama?" Jibu hilo la tatu lilimkaa moyoni miaka yote.

Alisoma shule ya misheni ya Nyanchwa kuanzia mwaka 1930 hadi 1935, na akabatizwa mwaka 1934. Asubuhi kabla ya darasa alikamua ng'ombe, na waliosoma naye walisema aliingia darasani mikono ikinukia maziwa, akiandika herufi ndogo zilizosimama wima kama miti ya uzio. Mwandiko huo ndio uliompatia kazi. Mwaka 1937 alikwenda Sotik katika shamba la Mzungu mmoja, kwanza kama mkamuaji, na tangu 1941 kama karani wa maziwa. Kila ng'ombe alikuwa na ukurasa wake, na katika kila ukurasa Abner aliandika chupa za asubuhi na chupa za jioni. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Katika kurasa hizo aliona jambo ambalo hakulisoma popote: kulikuwa na ng'ombe ambao binti zao walijaza ndoo hata baba zao walipokuwa fahali tofauti, na binti za hao binti wakajaza pia. Aliliona, akalirudisha nyumbani mwaka 1952 pamoja na blanketi mbili na daftari tupu lenye jalada jekundu.

Mwaka 1944, akiwa likizo kutoka Sotik, alimwoa Nyamoita, binti wa Mzee Marwanga. Siku ya kwanza Nyamoita alipokaa kukamua katika boma lake jipya, bwana arusi alikuja akasimama nyuma yake na kipande cha karatasi.

"Unaniandika mimi au ng'ombe?" Nyamoita aliuliza bila kugeuka.

"Ng'ombe."

"Basi simama upande wake. Upande huu ni wangu."

Walikaa pamoja miaka thelathini na mitatu, na mara zote alisimama upande wa ng'ombe.

Hapa Sironga alipanda pareto, baadaye chai, na migomba ile inayoonekana nyuma ya nyumba. Lakini watu wa wilaya nzima walimjua kwa ng'ombe. Mnamo Juni 1962, Wazungu wa Sotik walipokuwa wanauza mifugo na kuondoka, alinunua mnadani ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mwenye mimba, akaja naye kwa miguu siku mbili. Ng'ombe huyo alizaa kabla hawajafika Kebirigo, pembeni mwa barabara, mvua ikinyesha. Abner alimfunika ndama kwa koti lake la kanisani. Ndama huyo akaitwa Nyanchera, kama tunavyowaita wasichana wanaozaliwa njiani.

Nyanchera alipokua alitoa chupa kumi na sita kwa siku. Zaidi ya wingi, malai yake yalikaa juu ya maziwa kama kitambaa, ukayainua kwa kijiko na yasipasuke. Alishusha maziwa bila kubembelezwa, na hakukauka mapema. Mama Chandrakala, mke wa Ishwar mwenye duka Kisii mjini, alimwekea Abner sharti kwamba maziwa ya Nyanchera yaje katika mkebe wake peke yake, yasichanganywe, kwa sababu ya mtindi aliogandisha nyumbani kwake. Siku ya Sabato Abner hakuuza. Maziwa ya Jumamosi yaligawiwa watoto wa majirani, na wengi waliosimama hapa leo waliyanywa.

Daftari jekundu likaanza kujaa. Sindano ya kupandisha ng'ombe ilipofika kwetu, watu walipeleka ng'ombe kila asubuhi kwenye kizuizi cha miti kando ya barabara kungoja gari la sindano, na bwana mifugo aliandika kwenye kadi namba ya fahali. Abner alikuja na daftari lake, ambalo kila ukurasa ulianza na mama, kisha mama wa mama.

"Mzee Abner," bwana mifugo alimwambia siku moja mbele ya watu, "cha muhimu ni fahali. Huyu ametoka mbali, ana cheti."

"Fahali wako umemkamua lini?"

Watu wakacheka. Bwana mifugo naye akacheka, lakini hakukubali. "Nusu inatoka kwa baba, mzee. Hiyo ni sayansi."

"Nusu hiyo umekwisha kuiandika wewe. Mimi naandika ile iliyobaki."

"Na wewe mwenyewe je?" jirani mmoja aliuliza kutoka nyuma ya foleni. "Umeandikwa kwa baba yako, ukoo wa baba yako. Ng'ombe ndio unawapeleka kwa mama zao!"

Abner alifunga daftari, akasema, "Ndiyo maana," na hakueleza zaidi. Lakini alikwenda boma kwa boma, Sironga hadi Kebirigo, akiwafundisha watu kuandika. Neno lake lilikuwa moja: andika ulichokiona, siku uliyokiona. Wengi walimwamini. Akitoka kwake mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, watu waliuliza jambo moja tu, daftari linasema nini.

Sasa inafuata sehemu ambayo marehemu aliagiza isirukwe.

Agosti 1969, familia nzima ilikwenda makambi ya kanisa Nyanchwa kwa wiki moja. Kati ya ng'ombe walioachwa zizini, wawili walikuwa na mimba, waliopandishwa kwa fahali mmoja siku moja. Wa kwanza alikuwa binti ya Nyanchera. Wa pili aliitwa Povu, kwa sababu ndoo yake ilijaa povu kuliko maziwa. Jirani, Mzee Angwenyi, aliombwa alinde. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 15 alikuta ndama majike wawili wamesimama, wote weusi. Mmoja alikuwa na nyota nyeupe kwenye paji la uso, mwingine alama ndogo kama ukucha. Binti ya Nyanchera alikuwa anawalamba wote wawili. Povu alikuwa pembeni anakula.

Abner aliporudi Jumapili alimuuliza Angwenyi mara nyingi sana, mpaka mzee wa watu akakasirika.

"Yupi wa nani? Kumbuka, ndugu yangu."

"Nilisema nitalinda ng'ombe wako wasiibwe. Wameibwa? Sikusema nitakuwa mkunga."

Marehemu alikaa na ndama wale siku tatu. Alitazama kwato, alitazama mikia. Alimwona mwenye nyota akinyonya zaidi kwa binti ya Nyanchera, kisha akamwona mwenye ukucha akifanya vivyo hivyo. Siku ya nne bwana mifugo alipita na kuuliza, na watu walikuwepo. Abner alifungua daftari jekundu akaandika kwa wino, kwa zile herufi zake zilizosimama wima: "Nyota. Mama: binti ya Nyanchera." Na ukurasa wa pili: "Kucha. Mama: Povu." Aliandika kana kwamba aliona.

Alimwambia mkewe baadaye kwamba wino ulikuwa haujakauka alipoanza kuogopa. Angeweza kuyakata maneno hayo kwa mstari. Lakini alifikiri, nikikata ukurasa mmoja, watu watauliza kurasa nyingine nilizikata mara ngapi.

Mei 1970, ndigana, ile homa ya kupe, iliingia Sironga. Nyanchera alikufa, na baada ya siku tisa binti yake naye akafa. Nyanchera alikuwa amezaa madume tu baada ya binti yule. Kwa hiyo uzao wote wa ng'ombe aliyezaliwa njiani ulibaki kwa ndama mmoja kati ya wawili, na hakuna aliyejua yupi, isipokuwa daftari, nalo halikujua.

Mwaka uliofuata mwana wake mkubwa, Ondieki, alitaka kumwoa Kwamboka, binti wa Mzee Mogaka wa Kebirigo. Jumapili tarehe 12 Desemba 1971, Mogaka alikuja na wazee kutazama ng'ombe wa mahari. Wanawake walibaki jikoni, kama ilivyo desturi, na wanaume wakaingia zizini. Mogaka hakuzungukazunguka.

"Tumesikia kuna mjukuu wa Nyanchera humu. Binti yangu ni mmoja tu. Huyo akitoka, hata wengine mkinipa wanaochechemea sitasema neno. Asipotoka, tutakunywa chai yenu tushukuru, twende."

Ondieki alikuwa amesimama mlangoni. Baba yake alimtazama, kisha akaenda ndani akaleta daftari, akamwonyesha Mogaka ukurasa.

"Ni huyu mwenye nyota?"

"Daftari linasema hivyo."

"Mimi sikuulizi daftari, mkwe wangu. Nakuuliza wewe."

Na Abner, mzee wa kanisa, alisema, "Ni huyu."

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alikuwa amefungwa pande mbili. Kama Nyota alikuwa kweli mjukuu wa Nyanchera, basi neno lake lilikuwa safi lakini ametoa kwa mkono wake uzao wote, na zizi lake limebaki na povu. Kama sivyo, uzao uko nyumbani, lakini yeye amemdanganya mkwewe mbele ya wazee, na mahari ya Kwamboka ina uongo ndani yake. Alipolala alitamani la kwanza. Alipoamka na kumwona Kucha akicheua, alitamani la pili. Na kwa kuwa alitamani la pili, alijiona kama mtu aliyefanya makusudi.

Mei 1972 Nyota alizaa Kebirigo. Juni, Kucha alizaa hapa. Nyamoita alikaa kumkamua mara ya kwanza, na kabla ndoo haijafika nusu alisema, "Baba Ondieki, huyu anashusha kama Nyanchera."

"Ni majani," Abner alijibu. "Mvua ilikuwa nzuri."

"Nimekamua miaka ishirini na minane. Najua majani na najua ng'ombe."

"Nimesema ni majani!"

Nyamoita aligeuka akamtazama, kwa kuwa mumewe hakuwa na tabia ya kupandisha sauti zizini. Lakini Abner mwenyewe alijua kwamba majani yanaweza kudanganya. Ng'ombe mzuri akilishwa vibaya hutoa kidogo, na Mogaka hakuwa na majani mengi. Kucha alitoa chupa kumi na tano, Nyota chupa nane, na bado mtu hawezi kuapa. Ndipo alipomkumbuka Mama Chandrakala.

Asubuhi moja ya Septemba alipitia Kebirigo kuwasalimu wakwe, akaomba chupa moja ya maziwa ya Nyota, akisema ni ya mgonjwa. Chupa ya Kucha alikuwa nayo mfukoni, ameifunga uzi shingoni. Akaenda Kisii mjini akamkabidhi Chandrakala zote mbili, bila kusema ipi ni ipi, akaomba agandishe kila moja peke yake. Alirudi kesho yake. Chandrakala alikuwa ameweka bakuli mbili juu ya kaunta, kila moja na chupa yake kando. Aliinamisha ya kwanza, ikamwagika maji pembeni. Akaigeuza ya pili juu chini, na mtindi ukabaki umeshika.

"Hii ndiyo ile ya zamani," alisema kwa furaha. "Mzee, miaka miwili ulinificha! Huyu ng'ombe ulimweka wapi?"

Chupa iliyokuwa kando yake ilikuwa na uzi. Ilikuwa bakuli ya Kucha.

Alirudi nyumbani kwa miguu njia yote. Hakula. Nyamoita alimuuliza alikwenda mjini kufanya nini siku mbili mfululizo na chupa, naye akasema alikuwa na shughuli. Kwa miaka mitano hakumwambia mtu. Aliendelea kuwafundisha watu kuandika, lakini waliomsikiliza walianza kuona kwamba hafungui tena daftari lake mbele yao. Kila Kwamboka alipogombana na mumewe kidogo, kama watu wote wanavyogombana, marehemu alitoka nje akasimama karibu na uzio mpaka sauti zitulie. Kila mjumbe alipotoka Kebirigo, alisimama kabla hajaambiwa habari. Bwana mifugo alipotaka kumnunua Kucha kwa ajili ya shamba la mafunzo, alikataa. Hakutaka kumuuza, na hakuweza kumtazama.

Ugonjwa wa tumbo ulimwanza Januari 1977. Alilazwa hospitali mara mbili, akarudishwa nyumbani mwishoni mwa Agosti. Madaktari walisema kilichobaki ni kumtunza. Hapo ndipo alipomwambia Nyamoita yote, tangu makambi hadi bakuli. Nyamoita alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifuta macho kwa kanga.

"Miaka mitano," alisema. "Miaka mitano nilijua una mwanamke Kisii."

"Ni Mama Chandrakala tu."

"Na ulikuwa unampelekea maziwa!"

Alicheka, na Abner akacheka, ingawa kucheka kulimuumiza. Kisha Nyamoita akamtuma Ondieki Kebirigo.

Mzee Mogaka alikuja Jumapili tarehe 16 Oktoba. Marehemu aliomba ainuliwe akae, kwa maana hakutaka kusema maneno yale akiwa amelala. Alieleza. Mogaka aliizungusha kofia yake magotini.

"Kwa hiyo miaka mitano," akasema, "nimejisifu soko la Kebirigo bure."

"Ndiyo."

"Watu walikuwa wananiuliza, mbona huyo mjukuu wa Nyanchera anatoa kidogo? Nikawaambia ni kiangazi."

"Kiangazi cha miaka mitano, mkwe?"

"Sasa ningesemaje? Daftari lilikuwa lako!"

Kisha Abner akauliza lile lililomla tangu mwaka 1971. "Utamwita Kwamboka arudi kwenu?"

Mogaka alimwangalia kama mtu asiyeelewa. "Nimwite aje kufanya nini? Na wale watoto watatu niwaachie nani, wewe? Hata kujigeuza huwezi."

Marehemu alimwambia kwamba Kucha amezaa jike mwaka 1975, mtamba mweusi mwenye mimba, na kwamba mtamba huyo ni wa Kebirigo. Mogaka alikataa. Akakataa tena. Mara ya tatu alimtazama mwenyeji wake usoni, akasema, "Nitampokea kwa sababu nikikataa hutalala."

Alipoondoka, marehemu aliomba daftari jekundu. Hakuwa na nguvu tena ya kuandika, kwa hiyo Nyamoita, aliyejifunza kuandika ukubwani kwa kutazama kurasa hizo hizo, alishika kalamu. Alikata mstari kwenye ukurasa wa Nyota na kwenye ukurasa wa Kucha.

"Niandike kwamba mama wa Kucha ni binti ya Nyanchera?"

"Uliona?"

"Sikuona. Lakini nimemkamua."

"Basi andika hivyo."

Kwenye ukurasa wa Kucha sasa pameandikwa, kwa mwandiko wa Nyamoita: "Hakuna aliyeona akizaliwa. Kwa maziwa yake, yaelekea mama yake ni binti ya Nyanchera." Kwenye ukurasa wa Nyota: "Hakuna aliyeona. Yaelekea ni Povu." Marehemu alisoma maneno hayo kidole kikifuata mstari. Kisha alifungua ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari, ambao siku zote ulikuwa mtupu na ambao hakuna aliyejua aliuwekea nini. Akamwomba aandike jina lake yeye, Abner Nyasani, na chini yake: "Mama: Nyaboke. Sikumwona."

Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 9 Novemba 1977, saa moja asubuhi, wakati wa kukamua. Nyamoita alikuwa zizini. Aliporudi na ndoo alimkuta ametulia, uso umeelekea mlango.

Marehemu ameacha mjane, Nyamoita; wana wawili, Ondieki na Yusuf; mabinti watatu, Esnah, Nyaboke na Bochaberi; mkwe wake Kwamboka na wakwe wengine; na wajukuu tisa, ambao mdogo wao anaitwa Nyanchera kwa sababu naye alizaliwa njiani kwenda hospitali. Amemwacha pia rafiki yake Mzee Angwenyi, ambaye familia inamwomba asijilaumu kwa usingizi wa usiku mmoja.

Mtamba mweusi amefungwa pale kando ya migomba. Baada ya maziko Mzee Mogaka ataondoka naye kabla jua halijashuka, na ukurasa wake utakwenda naye, umeandikwa upya, ukianza na mama.

Baba yetu, kurasa zote zimesomwa. Lala sasa, usiogope tena.